Istilahi za Rangi ya Mdomo: Kung'aa, Kuwaka na Uangavu

Utangulizi

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa leo katika maduka na magulio ya nchi yetu, vipodozi vya mdomo vina hali ya pekee kwa upande wa lugha. Bidhaa zenyewe zimeenea mpaka vijijini, lakini maneno ya kuzieleza hayajatulia. Muuzaji ana maneno yake, mnunuzi ana yake, na lebo iliyobandikwa kiwandani aghalabu imeandikwa kwa lugha ambayo wote wawili hawaisomi kwa urahisi. Hali hii huonekana zaidi katika aina moja ya bidhaa ambayo sasa inapendwa sana na vijana: vijiti vya rangi ya mdomo vyenye mng'ao mwingi na rangi za kuwaka, ambavyo bei yake ni nafuu.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza kama jambo hili linastahili kurasa za jarida la istilahi. Jibu letu ni kwamba linastahili, kwa sababu mbili. Kwanza, vipodozi ni jambo la sheria. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliviweka chini ya usimamizi wa mamlaka moja pamoja na chakula na dawa. Na mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Mahali penye sheria pana fomu, vyeti, lebo na matangazo, na yote hayo huhitaji maneno yenye maana moja. Pili, kipodozi cha mdomo hakifanani na kipodozi cha kucha au cha nywele. Kinachopakwa midomoni huliwa, japo kwa kiasi kidogo, pamoja na chai, chakula na mate. Mnunuzi asiyeelewa maelezo ya lebo hubeba hatari yake mdomoni.

Makala haya yana lengo la kuyapanga maneno yanayotumika sasa, kueleza dhana zilizo nyuma yake, na kupendekeza istilahi ambazo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuzijaribu katika kazi zao.

1. Maneno yanayosikika

Tumechagua kuanzia Kumsenga, katika nyanda za juu za Kigoma, zilizo na wilaya za Kibondo na Kasulu. Sababu ya kuchagua mahali hapo ni kwamba maneno ya dukani hufika huko kwa njia zaidi ya moja. Wenyeji ni Waha, na lugha yao ya nyumbani ni Kiha. Bidhaa za viwandani hufika kwa barabara inayotoka Nyakanazi na kupita Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Kigoma, pamoja na majina zilikotoka madukani Kariakoo. Upande wa magharibi uko mpaka wa Burundi. Tena, katika wilaya hizo wamepata kuishi wakimbizi wengi: kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo, na ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya watu wa Burundi. Wageni hao walitoka katika nchi ambazo majina mengi ya vitu vya dukani ni ya Kifaransa, na kwao kitu hiki kiliitwa kwa jina la Kifaransa, rouge à lèvres, yaani wekundu wa midomo.

Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya meza ya muuzaji wa vipodozi katika nyanda hizo anaweza kusikia maneno yafuatayo: lipstiki, lipshaini, rangi ya mdomo, mafuta ya mdomo, wanja wa mdomo. Wala maneno hayo hayatofautishwi sawasawa. Kitu kimoja chaweza kuitwa lipstiki na muuzaji, na dakika hiyo hiyo kikaitwa lipshaini na mnunuzi, maadamu kinang'aa. Mazungumzo ya namna hii si mageni:

"Dada, nipe ile ya kung'aa."

"Chukua hii, mama. Nyekundu, inawaka kweli kweli."

"Sitaki ya kuwaka. Nataka ya kung'aa."

Mnunuzi huyu amefanya kazi ya mtaalamu wa istilahi bila kujua. Ametenganisha dhana mbili ambazo wafasiri wengi wa lebo huzichanganya. Tutalirudia jambo hilo katika sehemu ya nne.

2. Jina la kitu chenyewe

Neno la jumla, kipodozi, lina msingi imara. Limetokana na kitenzi podoa kwa kanuni za kawaida za uambishaji, lina umoja na wingi wake, na limekwisha ingia katika sheria. Chini yake tuna maneno mawili yanayoshindana kwa ajili ya kijiti cha rangi: rangi ya mdomo na lipstiki.

Rangi ya mdomo ni neno zuri kwa kuwa hujieleza lenyewe. Limejengwa kwa mfano wa rangi ya kucha na dawa ya meno. Hata hivyo lina kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kwamba lina maana mbili. Mganga au muuguzi anapomwambia mama aangalie rangi ya midomo ya mtoto mwenye homa ya mapafu, hasemi habari za kipodozi. Anasema habari za dalili ya hatari: midomo inayogeuka kuwa ya samawati kwa kukosa hewa. Kasoro ya pili ni kwamba neno hili ni pana. Rangi ya mdomo yaweza kuwa ya kijiti, ya maji katika kichupa, au ya kalamu.

Juu ya kasoro ya kwanza, lugha yenyewe imekwisha toa njia. Msomaji ataona kwamba watu husema rangi ya kucha, kwa wingi, lakini husema rangi ya mdomo, kwa umoja, ingawa midomo ni miwili. Sababu yake ni kwamba mdomo, katika Kiswahili, si kile kipande cha nyama cha juu au cha chini peke yake. Ni mlango mzima wa kinywa. Lugha nyingine za Kibantu nazo hutenganisha mlango na chumba. Katika Kirundi, ambacho ni jamaa wa karibu wa Kiha, umunwa ni mdomo, na akanwa ni kinywa kwa ndani. Basi tunapendekeza umoja utumike kwa kipodozi, yaani rangi ya mdomo, na zikiwa nyingi ziitwe rangi za mdomo. Na wingi utumike kwa hali ya mwili, yaani rangi ya midomo. Tofauti ni ndogo, lakini inafuata mazoea yaliyopo, na inamfaa mwandishi wa vitabu vya afya.

Juu ya kasoro ya pili, hatuoni sababu ya kulikataa neno lipstiki. Limekwisha zoeleka, lina tahajia inayosomeka, na linaingia katika ngeli ya maneno ya kukopa bila taabu: lipstiki hii, lipstiki hizi. Wako wanaoandika lipustiki ili kuepuka konsonanti zinazofuatana. Lakini Kiswahili kimepokea labda, daftari na teksi bila kuongeza irabu kati ya konsonanti zao, na masikio ya wasemaji hayakuumia. Tunachopendekeza ni kwamba lipstiki litumike kwa maana finyu: rangi ya mdomo iliyogandishwa kuwa kijiti. Hivyo rangi ya mdomo itakuwa jina la jamii, na lipstiki jina la aina moja katika jamii hiyo. Maneno mawili yaliyokuwa yakigombana yatapata kila moja kazi yake.

Inafaa hapa kukumbuka njia ambazo maneno mengine ya urembo yamepitia. Kwa muda mrefu wanawake wa pwani walipata wekundu wa midomo kwa kutafuna tambuu, pamoja na popoo, chokaa na katu, na jina la kitu lilitosha bila kutaja rangi. Wanja ulikuwa wa macho. Leo kalamu ya kuchorea ukingo wa midomo inaitwa wanja wa mdomo. Huo ni upanuzi wa maana uliofanywa na watumiaji wenyewe, na ni mzuri. Kuteksi ni jina la bidhaa ya kampuni moja lililogeuka kuwa jina la rangi zote za kucha. Jelii ya petroli nayo iliitwa vaselini kwa jina la bidhaa, lakini wananchi wakaunda mafuta ya mgando, na jina hilo likaenea mpaka likaandikwa katika lebo za viwanda vyetu. Lilienea kwa sababu linataja kile ambacho mnunuzi anakiona akifungua kopo: mafuta yaliyoganda.

3. Kwa nini lipstiki hung'aa

Mfasiri hawezi kutafsiri sawasawa jambo asilolielewa. Kwa hiyo tueleze kwa ufupi jinsi lipstiki inavyofanya kazi.

Lipstiki ina sehemu kubwa tatu: nta, mafuta na rangi. Nta huipa umbo na ugumu. Aghalabu hutumika nta ya nyuki, ambayo wakazi wa Kibondo, nchi ya warina asali, wanaijua vizuri; nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na kwa hiyo husaidia kijiti kisimame hata siku ya joto. Mafuta huifanya iteleze na kusambaa. Yanayotumika sana tangu zamani ni mafuta ya nyonyo, ambayo wengine huyaita mafuta ya mbarika, kwa kuwa ni mazito na hushika chembe za rangi vizuri. Rangi hutokana na madini kama vile oksidi za chuma, au na rangi za kutengenezwa viwandani, au na wadudu wadogo wanaoishi juu ya mpungate, ambao hutoa wekundu uitwao kamini. Kikasha cha kuzungusha, kinachopandisha kijiti juu, kilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1923 kwa jina la James Bruce Mason wa Nashville.

Mng'ao hutegemea uso wa mpako. Uso ulio laini, kama maji yaliyotulia, huirudisha nuru upande mmoja, na jicho huona kioo. Uso wenye chembe nyingi huitawanya nuru pande zote, na jicho haling'amui mng'ao wowote. Kwa hiyo mtengenezaji anayetaka lipstiki yenye mng'ao mwingi huzidisha mafuta na kupunguza nta na chembe za unga. Na anayetaka lipstiki isiyong'aa hufanya kinyume chake. Kutokana na jambo hilo hufuata matokeo ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua: lipstiki yenye mng'ao mwingi ni laini zaidi, hulegea upesi ikiachwa juani, huhamia kwenye kikombe, na haina budi kupakwa tena baada ya kula. Sifa hizi hazionyeshi ubovu. Mnunuzi asiyeelezwa hudhani ameuziwa bidhaa mbaya kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya bei nafuu na bei rahisi. Katika mazungumzo, rahisi na nafuu hutumika kwa namna moja. Katika maandishi ya serikali na ya biashara tunapendelea bei nafuu, maana yake bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu. Neno rahisi lina maana nyingine ya kitu kisicho na ugumu, na mara nyingi hubeba dokezo la kitu hafifu. Unafuu wa bei hautoshi kutuambia kama kitu ni salama au si salama. Lebo ndiyo inayopaswa kutuambia.

4. Kung'aa, kuwaka na uangavu

Hapa tumefika kwenye kiini cha makala haya. Lebo za Kiingereza hutumia maneno mengi kusifu nuru na rangi, na wafasiri wetu aghalabu huyatafsiri yote kwa neno moja, angavu. Neno hilo limebebeshwa mizigo mitatu.

Mzigo wa kwanza ni uangavu wa kupenyeza nuru. Tunasema maji maangavu, maana yake maji ambayo mtu huona chini yake. Walimu wa sayansi hulitumia neno hili kwa maana hiyo, wanapoeleza kioo kinachopitisha nuru. Mzigo wa pili ni nguvu ya rangi: watu huandika rangi angavu wakimaanisha rangi inayovuta jicho kutoka mbali, kama nyekundu ya moto au pinki iliyokolea. Mzigo wa tatu ni mng'ao wa uso, kama wa kiatu kilichopigwa rangi au wa ngozi iliyopakwa mafuta.

Dhana hizi tatu ni mbali mbali, na katika kipodozi cha mdomo zinaweza kupingana. Kichupa cha mafuta ya kung'arisha yasiyo na rangi kina uangavu na mng'ao, lakini hakina rangi yoyote ya kuvuta jicho. Lipstiki nyekundu isiyong'aa ina nguvu ya rangi, lakini haina mng'ao wala uangavu. Lipstiki tunayoizungumzia hapa ina mng'ao na ina nguvu ya rangi, lakini haina uangavu, kwa kuwa hufunika rangi ya asili ya midomo. Mfasiri akiandika lipstiki angavu, mnunuzi hawezi kujua ni ipi kati ya hizo tatu.

Tunapendekeza mizigo igawanywe hivi:

(a) Angavu na uangavu vibaki kwa kitu kinachopenyeza nuru. Hivyo ndivyo vinavyotumika katika sayansi, na si vema neno moja liwe na maana moja darasani na nyingine dukani.

(b) Kuwaka litumike kwa nguvu ya rangi. Rangi ya kuwaka ni usemi ulio hai. Hausikiki kwa mafundi wa kushona na wauza vitenge tu, bali hata kwa mama aliyesimama mbele ya meza ya vipodozi. Wako wanaopendekeza rangi kali. Hatuliungi mkono pendekezo hilo katika lebo, kwa sababu kitu kikali juu ya ngozi huashiria kuwasha au kuunguza, na msomaji anaweza kuogopa bila sababu, au, akizoea neno hilo, akakosa kuogopa penye sababu.

(c) Kung'aa na mng'ao vitumike kwa nuru inayorudishwa na uso. Penye mng'ao wa kawaida tuseme lipstiki ing'aayo. Penye mng'ao uliozidishwa, lipstiki yenye mng'ao mwingi. Penye vichembe vinavyometa, kama vya madini ya mika, tuseme yenye kumetameta, kwa kuwa kung'aa ni kwa uso mzima na kumetameta ni kwa nukta nukta.

Kinyume cha (c) ni lipstiki isiyong'aa. Madukani limeanza kusikika neno mati, na pengine litaendelea. Lakini isiyong'aa inaeleweka na kila mtu tangu siku ya kwanza.

Bado liko neno lipshaini. Hili limekopwa mzima mzima, na linatumika kwa mafuta mazito ya kung'arisha yanayokaa katika kichupa au mrija. Kiswahili kina njia ya kuunda jina la kitu hicho kwa mfano wa kipazasauti na kipimajoto: king'arishamdomo. Neno hili ni halali kwa sarufi, na linafaa katika orodha za viwango na vyeti vya ushuru. Lakini hatudhani kwamba muuzaji wa Kumsenga ataacha kusema lipshaini kwa sababu sisi tumeandika king'arishamdomo, wala hatuoni haja ya kumlazimisha. Jambo la lazima ni kwamba maneno hayo mawili yataje kitu kimoja, na lipshaini lisitumike kwa lipstiki eti kwa kuwa nayo inang'aa.

5. Majina ya rangi

Mtengenezaji huipa kila rangi jina la kupendeza, na majina hayo hayatafsiriki moja kwa moja. Jina la tunda lisilojulikana kwetu, au la mji wa ng'ambo, halimwambii mnunuzi chochote. Katika jambo hili Kiswahili hakina umaskini. Kina -ekundu, -eusi na -eupe ambazo ni vivumishi kamili, na rangi zilizobaki huzitaja kwa vitu: kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda la mzambarau, machungwa kwa chungwa, waridi kwa ua, urujuani kwa rangi iliyo kati ya zambarau na samawati. Wekundu mzito unaoelekea weusi una jina lake maarufu, damu ya mzee, ambalo kila fundi cherehani analijua. Wakazi wa Kigoma wana mfano mwingine mbele ya macho yao katika mawese mabichi, yaliyo kati ya nyekundu na machungwa. Sioni ajabu, wala hatutashangaa sisi sote, kama siku moja kiwanda cha nchini kikaita rangi yake mawese.

Pamoja na jina la rangi, tunahitaji maneno ya viwango vyake. Rangi iliyokolea ni ile iliyojaa. Rangi iliyopauka ni ile iliyochanganyika na weupe. Rangi iliyofifia ni ile iliyopoteza nguvu yake kwa muda. Tunashauri kufifia kusitumike kwa rangi mpya iliyopauka tangu kiwandani, kwa kuwa kufifia ni tukio na kupauka kunaweza kuwa hali. Kwa hiyo maelezo kama "nyekundu ya kuwaka, iliyokolea, yenye mng'ao mwingi" yanasema mambo matatu tofauti, wala hakuna neno la ziada ndani yake.

6. Maneno ya kujaribia

Mnunuzi wa lipstiki ya bei nafuu hujaribu kabla ya kulipa. Kitenzi jaribu, hata hivyo, kinaficha vitendo viwili vyenye malengo tofauti.

Kitendo cha kwanza ni kuona rangi. Mnunuzi hupaka mstari mmoja au miwili nyuma ya kiganja, akautazama nje penye mwanga wa jua, kwa kuwa taa ya duka hubadili rangi. Mstari huo tunapendekeza uitwe mpako wa rangi. Kwa mpako huo ataona kama rangi imekolea, kama mng'ao unabaki baada ya dakika chache, na kama rangi inahama akigusisha karatasi. Sampuli ya dukani inayoguswa na watu wengi haifai kupakwa midomoni, kwa sababu virusi vya malengelenge ya midomo vinaweza kuambukizwa kwa njia hiyo. Hiyo ndiyo sababu pia ya kutoazimana lipstiki.

Kitendo cha pili ni kuona kama kipodozi kinadhuru ngozi. Mtumiaji hupaka kidogo upande wa ndani wa mkono, akangoja saa 24 au zaidi, akaangalia kama kuna muwasho, vipele au uvimbe. Kitendo hiki tunapendekeza kiitwe jaribio la ngozi. Lebo inayosema tu "Jaribu kwanza kabla ya kutumia" humfanya mnunuzi apake mstari mmoja, aipende rangi, na aamini kwamba ametimiza agizo. Agizo lilihusu usalama, na yeye amelielewa kuwa linahusu uzuri.

Zaidi ya hayo, yako mambo ambayo hayaonekani kwa mpako wala kwa jaribio la ngozi. Madini ya risasi ni mojawapo. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipendekeza kwamba risasi katika vipodozi vya mdomo isizidi sehemu 10 katika sehemu milioni moja. Hakuna jicho wala ulimi unaoweza kupima kiasi hicho, hupimwa maabara. Hii ndiyo maana mnunuzi anahitaji jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi katika lugha anayoisoma. Anahitaji pia kuelezwa alama ya kikopo kilichofunguliwa chenye tarakimu na herufi M. Alama ya 12M maana yake ni miezi 12 tangu siku ya kufungua, na haihusiani na tarehe ya kutengenezwa.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Kipodozi cha mdomo: jina la jumla la kila kinachopakwa midomoni kwa urembo au utunzaji.

Rangi ya mdomo: kipodozi cha mdomo kinachotia rangi, kiwe kigumu au cha maji.

Lipstiki: rangi ya mdomo iliyogandishwa kuwa kijiti.

King'arishamdomo (pia lipshaini): kipodozi cha mdomo cha mafuta mazito, chenye rangi kidogo au kisicho na rangi, kinachotia mng'ao.

Wanja wa mdomo: kalamu ya kuchorea ukingo wa midomo.

Mafuta ya mdomo: kipodozi kinachozuia midomo kukauka na kupasuka.

Mng'ao: nuru inayorudishwa na uso wa mpako.

Rangi ya kuwaka: rangi yenye nguvu ya kuvuta jicho.

Uangavu: hali ya kupenyeza nuru.

Uzibaji: uwezo wa rangi kufunika rangi ya asili ya midomo.

Kuhama: rangi kutoka midomoni na kushika kikombe, nguo au ngozi nyingine.

Kutambaa: rangi kuvuka ukingo wa midomo kufuata mikunjo ya ngozi.

Mpako wa rangi: mstari unaopakwa ili kuona rangi na mng'ao.

Jaribio la ngozi: upakaji wa kiasi kidogo ili kuona kama kipodozi kinadhuru.

8. Mfano wa matumizi

Ili kuonyesha faida ya mgawanyo huu, tumetunga lebo ya mfano kwa namna mbili. Namna ya kwanza inafuata mtindo unaoonekana mara nyingi katika tafsiri za haraka:

"Lipshaini angavu kali. Nyekundu. Jaribu kwanza. Tumia miezi 12."

Namna ya pili inatumia istilahi tulizozipendekeza:

"Lipstiki yenye mng'ao mwingi. Rangi: nyekundu ya kuwaka, iliyokolea. Kabla ya kuitumia mara ya kwanza, fanya jaribio la ngozi: paka kidogo upande wa ndani wa mkono, ngoja saa 24. Ukiona muwasho, vipele au uvimbe, usitumie. Usiazimane. Weka mahali pasipo na jua. Tumia ndani ya miezi 12 tangu kufungua. Harufu yake ikibadilika kabla ya hapo, itupe."

Lebo ya pili ni ndefu zaidi, na mwenye kiwanda anaweza kulalamika kwamba kikasha ni kidogo. Malalamiko hayo yana haki. Lakini kikasha kikiwa kidogo, maelezo yanaweza kuandikwa katika karatasi inayofuatana nacho au katika boksi la jumla, na muuzaji akayabandika mezani pake. Kinachopaswa kupunguzwa kwanza ni sifa za bidhaa. Maagizo ya usalama yawe ya mwisho kuguswa.

Hitimisho

Istilahi zilizoorodheshwa hapo juu ni mapendekezo, na hazijapitishwa kuwa sanifu. Tunawaomba wafasiri wazitumie katika rasimu zao na kutuarifu mahali zinapokwama. Tunawaomba walimu wa sayansi watuambie kama mgawanyo wa angavu, kuwaka na kung'aa unaafikiana na vitabu wanavyofundishia. Watumishi wa afya na wa biashara walioko mikoa ya mipakani, hasa Kigoma, Kagera na Rukwa, watatusaidia sana wakituletea maneno yanayotumika katika lugha za wenyeji kwa ajili ya mng'ao, ukolevu na mpako wa rangi. Kiswahili kimekwisha pata ngeli kutoka Kihaya, na neno hilo sasa halionekani kuwa geni kwa mtu yeyote. Neno uzibaji, ambalo katika orodha yetu ndilo tunaloliona kuwa dhaifu kuliko yote, linaweza kupata mrithi bora kutoka Kiha au lugha nyingine jirani, na tutafurahi kulipokea.